Kutoka Ubatizo hadi Makimbilio Matatu

Mtu huhesabiwa Mbuddha pale anapotamka kwamba kimbilio lake ni Buddha, mafundisho yake yaitwayo Dhamma, na jumuiya ya wafuasi iitwayo Sangha. Tamko hilo hurudiwa mara tatu, kwa kawaida mbele ya mtawa, kisha hufuata ahadi tano: kutoua kiumbe hai, kutochukua kisichotolewa, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Basi. Hamna maji, na jina jipya si lazima, ingawa baadhi ya madhehebu, hasa ya Tibet, hutoa. Wala hakuna anayemtaka muumini mpya aikane dini aliyotoka nayo. Mkristo aliyezoea kuona wabatizwa wakimkataa Shetani na mambo yake yote kabla ya kukiri imani, hapa huona kama sehemu moja ya ibada imerukwa.

Ahadi hizo tano zinafanana na Amri Kumi kwa sura tu. Hazikutolewa mlimani na mwenye mamlaka. Anayezitamka anajiwekea mazoezi, kama mwanafunzi wa useremala anavyojizoeza kushika randa. Akikosea, hajamkosea mtunga sheria yeyote. Tendo lenyewe, pamoja na nia iliyolisukuma, litazaa tunda lake, na hiyo ndiyo karma. Kwa hiyo hakuna wa kumwomba msamaha wa dhambi. Wengi waliolelewa kwenye kitubio hulihisi pengo hilo kwa muda mrefu, hata baada ya kuacha kabisa kwenda kanisani.

Namna ya leo ya kuhamia Ubuddha kutoka Ukristo ni changa kuliko Ubuddha wenyewe, na yenyewe ina chapa ya kanisa. Mwaka 1873, huko Panadura katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, mtawa Mohottivatte Gunananda alijibizana hadharani na wahubiri wa Kiprotestanti mbele ya umati mkubwa. Taarifa ya mjadala huo ilimfikia Henry Steel Olcott, kanali Mmarekani aliyelelewa katika nyumba ya Wapresbiteri. Tarehe 25 Mei 1880, mjini Galle, Olcott na mwenzake Helena Blavatsky, Mrusi aliyebatizwa katika Kanisa la Kiorthodoksi, walitamka makimbilio matatu. Mwaka uliofuata Olcott alichapisha katekisimu ya Kibuddha, kitabu cha maswali na majibu kilichofuata mtindo ule ule wa watoto wa kipaimara. Zikafuata shule za Jumapili za Kibuddha, na mwaka 1898 Colombo ikapata chama cha vijana wa Kibuddha kilichoigwa waziwazi kutoka kile cha vijana wa Kikristo.

Olcott anafaa kuchunguzwa kwa sababu nyingine pia. Alikuwa na imani zake binafsi kabla ya kufika Galle, na hakuziacha alipoondoka. Aliongoza Jumuiya ya Kitheosofia hadi kifo chake mwaka 1907, akiamini kwamba dini zote zina kiini kimoja kilichofichika na kwamba wako walimu wasioonekana wanaokilinda. Alimkuta Buddha akifaa kukaa ndani ya imani hiyo, akamkaribisha. Anagarika Dharmapala, kijana wa Colombo aliyesoma katika shule za Kikristo na kuifahamu vizuri Biblia, alikuwa mfuasi wa karibu wa Olcott, lakini mwishowe njia zao ziliachana. Hapo swali la kifalsafa likabaki wazi: aliyehamia alibadilishwa na dini, au aliibadilisha dini ifanane naye?

Maandiko ya kale ya Kipali yana kisa kinachogusa jambo hili. Upali, tajiri aliyekuwa mfuasi wa Ujaini, alikwenda kushindana na Buddha kwa hoja, akashindwa, akaomba kupokewa papo hapo. Buddha hakushangilia. Alimwambia kwanza achunguze kwa makini, kwa sababu mtu mwenye jina kama yeye hapaswi kuamua kwa haraka. Upali aliposhikilia uamuzi wake, Buddha alimtaka aendelee kuwapa chakula walimu wake wa zamani, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kisima chao kwa miaka mingi. Kwa kipimo hicho, kuhama hakumpi mtu ruhusa ya kukata undugu wala fadhili.

Lakini ustahimilivu huo usimdanganye mtu akadhani hakuna la kuchagua. Yako mambo mawili yasiyopatana, na la kwanza ni Muumba. Wabuddha hawakatai kuwapo kwa miungu. Maandiko yao yamejaa viumbe wa mbinguni. Wanachokataa ni kwamba mmoja wao ameumba ulimwengu na ndiye mwokozi. Hotuba iitwayo Brahmajala hata inaeleza imani hiyo ilivyozaliwa: kiumbe wa kwanza kutokea katika ulimwengu unaoanza upya alijikuta peke yake, akatamani wenzake, na walipotokea akadhani yeye ndiye aliyewaumba. Wenzake nao wakaamini hivyo, kwa kuwa walimkuta. Kwa sikio la Mkristo kisa hiki kina kejeli, na ni vyema kukiri kwamba kejeli ilikusudiwa.

La pili ni roho, na hapa lugha ya Kiswahili yenyewe humtega msomaji. Katika makanisa ya kilokole, kuzaliwa upya ni habari njema: mtu hutoa ushuhuda wa siku na saa aliyookoka. Katika Ubuddha, kuzaliwa upya ndiyo shida yenyewe. Viumbe huzaliwa, huzeeka, hufa na kuzaliwa tena kwa sababu ya tamaa na kutojua, na nirvana ni kukoma kwa mzunguko huo. Tena kinachozaliwa upya si roho inayohama mwili hadi mwili. Mafundisho ya anatta husema hakuna kiini cha kudumu ndani ya mtu. Kuna mfuatano tu wa matukio, hili likisababisha lile, kama moto unaopokezwa kutoka utambi hadi utambi. Wengi wanaohama wakivutiwa na wazo la kuishi tena huwa hawajafika kwenye fundisho hili. Wakilifikia, baadhi yao hugundua kwamba walichokuwa wakikitafuta ni uzima wa milele kwa jina jingine.

Kwa upande mwingine, ile kauli kwamba Ukristo una neema na Ubuddha una juhudi tu ni ya haraka mno. Inaufaa Ubuddha wa Theravada wa Sri Lanka, Burma na Thailand. Japani, Shinran (1173–1263) alifundisha kwamba binadamu hawezi kujikomboa kwa nguvu zake, na kwamba tumaini lake ni kiapo cha Buddha mwingine, aitwaye Amida, cha kumwokoa. Wajesuiti waliofika huko karne ya 16 waliona jambo hilo linafanana mno na mafundisho ya Luther, na hawakulifurahia.

Imani binafsi, yaani zile ambazo mtu amejiundia kutokana na ndoto, wahenga, hisia au vitabu, hupewa nafasi ya ajabu katika Ubuddha. Buddha alikataa kujibu maswali kama ulimwengu una mwisho au hauna. Alimfananisha aulizaye na mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, asiyekubali kutibiwa mpaka aambiwe jina na ukoo wa aliyemlenga. Mafundisho yake mwenyewe aliyaita mtumbwi wa kuvukia: akishafika ng'ambo, mtu haubebi kichwani. Hivyo imani nyingi huachwa zilivyo, mradi hazishikiliwi kwa ngumi. Wafu nao hawasahauliwi. Katika nchi za Theravada, jamaa hutoa sadaka kwa watawa na kuwaelekezea marehemu thawabu yake, desturi ambayo Mwafrika aliyekulia kwenye matambiko huielewa pengine kuliko Mprotestanti wa Ulaya.

Kanisa lina mtazamo wake. Tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965 liliutaja Ubuddha kwa heshima. Hata hivyo, kitabu cha Papa Yohane Paulo II cha mwaka 1994 kiliueleza kama mfumo ambao kwa sehemu kubwa hauna Mungu, na alipozuru Colombo Januari 1995 viongozi wa Kibuddha walisusia mkutano naye. Kisheria, Mkatoliki anayeikana imani yote ni mwasi na hutengwa. Ubatizo wake, lakini, haufutiki: kanisa huhesabu kwamba alama ile inabaki rohoni. Kwa hiyo mtu yule yule ni mwasi asiyeweza kufutiwa ubatizo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili hakuna hata aliyemuuliza kama alibatizwa.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Steven Kaboggoza, Mganda aliyezaliwa mwaka 1966 katika familia ya Kikatoliki, alikwenda India kusoma chuo kikuu mwaka 1990, akakutana na watawa kutoka Thailand. Mwaka 2002 alipewa daraja ya utawa huko California kwa jina la Buddharakkhita, na mwaka 2005 akaanzisha kituo cha Kibuddha karibu na Entebbe. Wasinhala wa Dar es Salaam, watu wa asili ya Sri Lanka, walikuwa na hekalu lao Upanga miongo mingi kabla ya hapo, ila wao walikuja na dini ya wazazi wao. Mzawa anayehama hukutana na swali wasilolijua wao: nani atamzika? Kwa Wakatoliki wengi wa eneo hili msiba hubebwa na jumuiya ndogondogo, na anayejitoa kwenye jumuiya hujitoa pia kwenye jeneza, nyimbo na chakula cha matanga. Hofu hiyo huwazuia watu kuliko hoja yoyote kuhusu Muumba.

Kutoka ni rahisi kuliko kuingia. Mtawa wa Kibuddha anayetaka kurudi uraiani hutamka nia yake mbele ya mtu yeyote anayeelewa anachosema, kisha huvua joho. Kwa muumini wa kawaida hata hilo halihitajiki.