Siku Haianzi Usiku wa Manane

Ijumaa alasiri katika Kisii na Nyamira, nyumba za Wasabato hufua, hupika na kufagia mapema. Jua likitua, Sabato imeingia, hata kama kalenda ya ukutani bado inasema Ijumaa. Anayeijua desturi hiyo hatapata shida kuielewa kalenda ya Wahindu, ambao siku yao huanza jua likichomoza.

Kitabu chao cha siku, panchang, huhesabu mambo matano: siku ya juma, tithi, nakshatra, yoga na karana. Tithi ndiyo yenye utamu. Kila mara mwezi wa angani unapolizidi jua kwa digrii 12, tithi moja imepita. Na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, tithi huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi. Siku hubeba jina la tithi iliyokuwapo jua likichomoza. Sasa, jua huchomoza Gujarat, kule India, kama saa mbili na nusu kabla ya kuchomoza Kisii, na katika muda huo tithi yaweza kwisha. Atakayefunga saumu huku kwa kitabu kilichopigiwa hesabu kule, huenda akafunga siku isiyo yake. Wakati mwema hupimwa pale mtu aliposimama.

Wapo pia wanaoikwepa Rahu kaal, sehemu moja kati ya nane za mchana, wasianze safari wala biashara. Hapo mimi nawaachia wenyewe. Siamini kuwa saa ina nuksi. Ninachokiheshimu ni kwamba arusi haipangwi mpaka wazee wakae na kitabu kifunguliwe.

Wazee wa Gusii hawakuwa na kitabu, ila nao walingoja. Jando lilifuata mavuno, wimbi likiwa ghalani, ili wageni wale na vijana wapone wakiwa wameshiba. Leo hufanywa wakati wa likizo ya Novemba na Desemba, na sioni kosa: kidonda bado kimepewa muda wake. Kosa ni arusi inayopangiwa tarehe na mwenye ukumbi, au harambee inayosubiri nafasi ya mheshimiwa.

Wazazi wenzangu, kabla ya kuchapisha kadi, kaeni na wazee wa pande zote mbili. Ulizeni nani ana Sabato, nani yuko kwenye kuchuma majani chai, nani anangoja bonasi ya chai ndipo achange. Ukumbi mlipie baadaye.