Inatosha kwa Nani?

"Inatosha" ni neno la heshima mtu anapojisemea mwenyewe. Akimsemea mwenzake, linaanza kuharibika. Anayesema "nimeshiba" ana adabu. Anayesema "umeshiba" ameshika upawa.

Nimelitafakari jambo hili kwa sababu ya prosesa. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaishi Zombo, wilayani Kilosa, upande wa kwenda Mikumi. Anarekodi harusi na ngoma kwa simu, kisha anazihariri kwenye simu hiyohiyo mpaka inachemka. Baada ya kuuza ufuta alikuwa na shilingi 1,200,000 na nia ya kuweka kompyuta ya kuhariria video nyumbani. Akanipigia: "Dada, nichukue i5 au i7?" Katika ukoo wetu, anayesoma shahada ya uzamili, hata ikiwa ya falsafa, anatarajiwa kujua pia kompyuta.

Jibu la haraka ni i7, maana saba inazidi tano. Lakini namba ile ni cheo tu, haisemi kazi. Chukua kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika. Core i7-4770, ya mwaka 2013, ina kori 4, yaani sehemu nne zinazogawana kazi. Core i5-8500, ya mwaka 2018, ina kori 6, na ndani yake mna sehemu maalumu ya kufungua video za H.265, mfumo ambao simu nyingi za sasa hutumia kubana picha. Ile i7 haina sehemu hiyo kamili. Inalazimika kufungua fremu baada ya fremu kwa nguvu za kori zake, na video nzito hukwama. Mwenye cheo anapitwa na mdogo aliyekuja na ujuzi unaohitajika.

Rafiki yangu wa mjini alikuwa na jibu la tatu: asubiri misimu miwili, akusanye fedha, anunue Core i9-13900K yenye kori 24. Prosesa hiyo imepangiwa wati 125, na ikisukumwa hadi mwisho inafika 253, wakati i5-8500 imepangiwa 65. Kwa anayenunua umeme wa LUKU kidogokidogo, hilo si jambo la kupuuzwa. Zito zaidi ni kwamba harusi za misimu hiyo miwili hazitamsubiri.

Basi ningeweza kumwambia, "i5 inakutosha." Ulimi ukawa mzito. Watu wa vijijini wamekadiriwa mengi na watu wasioishi huko: dawa inayowatosha, shule inayowatosha, barabara inayowatosha. Mwaka 1973 E. F. Schumacher, katika kitabu chake Small Is Beautiful, alitetea teknolojia ya kadiri, inayolingana na uwezo na mazingira ya watu wa nchi maskini. Naiona huruma yake. Naliona pia swali linalobaki: nani anapima? Mimi chuoni sijawahi kuulizwa kama kompyuta yangu imezidi haja yangu.

Aristotle aliligusa jambo hili zamani. Ikiwa ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, alisema, haifuati kwamba sita ndizo sawa kwa kila mtu: kwa Milo, yule mwanamieleka, zitakuwa chache, kwa anayeanza mazoezi, nyingi. Kipimo kinatoka kwa mlaji na kazi yake. Ila katika mfano huo anayepima bado ni mkufunzi, na Milo hatumsikii akisema neno.

Kwa hiyo sikumpa mdogo wangu jibu, nilimpa kipimo. Nilimwambia achukue video yake nzito kuliko zote, aitie kwenye flashi, aende nayo dukani, aombe ichezwe ndani ya programu ya kuhariri, picha mbili zikipandana. Macho yake yatamwambia. Yeye akaongeza kipimo cha kwake: "Na picha ambazo sijazikata, zitakaa wapi?" Miaka yote alikuwa anafuta kila alichorekodi ili simu ipate nafasi, hata wazee waliocheza ngoma, ambao wawili wameshazikwa. Akanunua i5, na fedha iliyobaki akaitia kwenye diski kubwa ya kuhifadhia. Kwake kompyuta ilitakiwa iwe ghala kabla ya kuwa jiko.

Je, kutosheka ni fadhila, au ni umaskini uliopewa jina zuri? Nadhani inategemea mambo mawili: kazi itajwe, na mwenye kazi ndiye aseme. Kazi isipotajwa, hata kori 24 hazitoshi, kwa kuwa tamaa haina fremu ya mwisho. Mwenye kazi asiposema, hata ushauri mwema ni kumkadiria mtu maisha yake. Mdogo wangu akisema mwakani kwamba mashine haimtoshi tena, sitaiita tamaa kabla ya kuuliza kazi imekua kiasi gani. Anayeshauri ana haki ya kuleta mizani. Upawa abaki nao mwenye njaa.