Sababu ya Kudumu

Swali la iwapo kitu kilichokwisha kuumbwa huendelea kuwapo kwa nguvu zake chenyewe, au huhitaji kutegemezwa muda wote wa kuwapo kwake, limewashughulisha wanafalsafa wa dini kwa karne nyingi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alifundisha kuwa mwashi ni sababu ya nyumba kujengwa, wala si sababu ya nyumba hiyo kubaki imesimama baada ya yeye kwenda zake. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, aliutumia mfano huohuo, akaongeza kuwa nyumba hudumu kwa tabia za vifaa vyake, na kwamba tabia hizo nazo humtegemea Mungu.

Mfano huo una uzito wa pekee Kamsamba, nchini Tanzania, ambako Daraja la Momba, lenye urefu wa mita 84, huunganisha mkoa wa Songwe na Kilyamatundu ya mkoani Rukwa juu ya misingi ya zege. Ndani ya saruji iliyoganda mna madini ya jamii ya haidroksidi maradufu za tabaka, yaani madini yaliyojipanga katika tabaka nyembamba mno za metali mbili, huku maji na ioni hasi, ambazo ni chembe zenye chaji ya umeme, zikikaa katikati ya tabaka hizo. Katika saruji, metali inayoandamana na kalsiamu huwa zaidi ni aluminiamu, lakini chuma nacho huweza kushika nafasi hiyo.

Aina ya madini hayo yenye kalsiamu na chuma hutengenezwa maabarani kwa kuchanganya chumvi za metali hizo, aghalabu kalsiamu mbili kwa chuma moja, ndani ya myeyusho mkali wa besi, huku hewa ya kaboni dioksidi ikizuiwa kwa kupitisha nitrojeni. Kizuizi hicho kikiondolewa, kaboni dioksidi huivuta kalsiamu na kuigeuza kuwa kalsiti, ambayo ndiyo madini ya mawe ya chokaa, na chuma hubaki peke yake. Ukali wa besi ukipungua, tabaka huyeyuka vilevile.

Hapa yaonekana kuwa udumifu wa madini haya ni uhusiano kati yake na mazingira yanayoyazunguka. Hata hivyo, haifai kuhitimisha, kama alivyofanya al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipokana kuwa moto huunguza pamba kwa lazima ya asili yake, kwamba vitu havina nguvu yoyote ya ndani. Kwa maana madini ya jamii hiyohiyo yaliyofanywa kwa magnesiamu na aluminiamu huipokea kaboneti kati ya tabaka zake bila kuvunjika, mahali ambapo yale ya kalsiamu na chuma huangamia. Asili ya kitu, basi, ni ya kweli, ila haijitoshelezi.

Kemia haithibitishi kuwapo kwa Mungu, lakini humwondolea mwanadamu dhana kwamba kilichosimama hakihitaji tena sababu. Kwa kuwa kaboni dioksidi hupenya ndani ya zege polepole na kupunguza besi inayolinda nondo, kulikagua na kulitunza daraja si kazi ya chini kuliko kulijenga, bali ni kushiriki katika tendo lilelile la kukifanya kitu kiwepo.