Orodha Mbili, Jina Moja

Mtu akifungua simu akakuta orodha yake ya taarabu imejirudia, jina lile lile, nyimbo zile zile, kwa mpangilio ule ule, hulalamika kwamba mashine imekosea. Mimi naona mashine ina hoja, na hoja yenyewe ni ya zamani. Vitu viwili visivyotofautiana kwa lolote, je, ni viwili kweli? Mwanafalsafa Gottfried Leibniz alikataa. Katika barua zake kwa Samuel Clarke, mwaka 1716, anasimulia kuhusu muungwana mmoja aliyedai kuwa anaweza kupata majani mawili yanayofanana kabisa. Bintimfalme Sophie akamwambia ayatafute, naye akazunguka bustani ya Herrenhausen muda mrefu na kurudi mikono mitupu. Leo angeyapata bila kutoka kitini.

Apple ilipozindua huduma yake ya muziki mwezi Juni 2015, ilizindua pia maktaba ya wingu inayosawazisha nyimbo na orodha kwenye vifaa vyote vya mtu mmoja. Orodha ina jina tunaloliona, na ina namba ya utambulisho tusiyoiona. Mashine huiamini namba. Orodha iliyoingizwa upya kutoka kwenye faili huja kama kitu kipya, hata ikiwa haijapungua wimbo mmoja. Na mtu akiwasha usawazishaji, kisha akakubali kuunganisha muziki uliomo kwenye kifaa na ule wa wingu, orodha za zamani zinaweza kukaa bega kwa bega na wenzao. Je, mfumo ungefuta moja kwa kutazama jina? Ungekuwa ujasiri wa hatari: orodha mbili ziitwazo “Harusi” huenda ni za harusi mbili. Hata waundaji wa iTunes, programu ya muziki ya Apple, walisita. Amri ya kuonyesha nyimbo zilizojirudia ilikusanya zenye jina na msanii mmoja. Ukibonyeza kitufe cha ziada, ilidai na albamu iwe ile ile. Viwango viwili vya kufanana, na kazi ya kufuta ikaachiwa binadamu.

Atasema mtu: kama yaliyomo ni yale yale, namba ni kibandiko tu, na kibandiko hakiumbi kitu. Kweli, hakiumbi. Ila anayesema hivyo anaichukulia orodha kama rundo la nyimbo, na sivyo ilivyo. Ongeza nyimbo, ondoa nyingine, hadi usibaki hata wimbo mmoja wa mwanzo. Bado utasema ni orodha ile uliyoianzisha. Basi nyimbo sizo zinazoifanya iwe yenyewe. Kinachoifanya ni mfululizo wa mabadiliko usiokatika tangu ilipoundwa, na namba ni shahidi tu wa mfululizo huo. Kulwa na Doto wakifanana namna gani, hakuna mama anayehesabu mtoto mmoja: kila mmoja ana njia yake. Mwaka 1952 Max Black alimpinga Leibniz kwa kuwazia ulimwengu wenye tufe mbili za chuma zinazofanana kwa kila hali, na bado ni mbili. Orodha hazihitaji ulimwengu wa kuwaza, na tofauti yao itajitokeza siku ambayo moja itaguswa, nyingine isiguswe.

Pingamizi zito zaidi ni hili: nakala na asili zina historia moja hadi zilipotengana, hivyo kila moja inaweza kudai ndiyo mrithi. Nakubali, na kwa sababu hiyo siamini ushauri wa kufuta tu ya pili. Swali lenye maana ni ipi inaendelea kuishi. Hifadhi kwanza nakala ya maktaba nzima, kisha ongeza wimbo mmoja tofauti katika kila orodha kwenye kompyuta, uangalie simu. Ile ambayo wimbo wake haufiki imebaki kwenye mashine tu, nje ya mfululizo. Ichunguze kama ina kitu ambacho mwenzake hana, ukihamishe, ndipo uifute. Kufuta orodha hakufuti nyimbo zenyewe kwenye maktaba, ila orodha iliyomo winguni ikifutwa hutoweka kwenye vifaa vyote. Na kama nyimbo zote mbili zimefika? Basi hakuna asili iliyofichika inayongoja kugunduliwa, na mwenye muziki atachagua apendavyo bila kumdhulumu yeyote.