Nyumba ya Jirani

Kwa watu wengi sikukuu ni wakati wa mtoto kurudi nyumbani kusalimia wazazi. Kwa mkimbizi mambo yanageuka. Mimi siwezi kurudi kule nilikotoka, kwa hiyo Noeli ya mwaka 2024 wazazi wangu ndio waliofunga safari kuja kunitembelea hapa Nakivale. Walikaa mpaka baada ya Bonane. Jambo nililowafanyia siku mbili za kwanza bado linanisumbua, na nimeamua kuliandika kwa sababu nadhani siko peke yangu.

Swali langu ni hili: kumficha mzazi hali yako, ni kumheshimu au ni kumdharau?

Wazazi wangu wako Butembo. Walihamia mjini kwa sababu ya mauaji ya upande wa Beni yaliyoanza mwaka 2014, wakaacha shamba letu la kakao mikononi mwa binamu. Mimi nilivuka mpaka mwaka 2018. Ili kufika huku, wao walipaswa kupita Beni, kisha kushika barabara ya Kasindi, na kila mtu wa kwetu anajua ile barabara imekula watu wangapi. Mama ana miaka 69, baba amepita 70. Niliwapokea Mpondwe. Nilisimama upande huu wa mto Lubiriha nikiwatazama wakija, baba na kofia yake ya Jumapili, mama na mfuko wa maharage kichwani, karatasi za kuvukia mkononi. Miaka sita tulikuwa hatujaonana ana kwa ana.

Ndani ya basi niligeuka kuwa mtembeza watalii. Niliwaonyesha alama ya Ikweta kando ya barabara. Baba akacheka, akasema mstari huo unapita hata kwetu, kusini kidogo ya Butembo, ila kwetu hakuna anayesimama kupigwa nao picha. Tulipofika Katunguru, juu ya daraja la mfereji wa Kazinga, nikamwambia mama kwamba maji yale yanamwagikia Ziwa Edward. Alinyamaza kidogo. Katika ujana wake alikuwa anakwenda kununua samaki wa chumvi Kyavinyonge, ng'ambo ya ziwa hilohilo. "Basi hauko mbali," akasema.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nyumba yangu ni ya udongo, vyumba viwili, na upande mmoja wa paa ni turubai lililochanika. Jirani yangu ana nyumba ya bati. Alikuwa amekwenda Kampala kwa sikukuu, akaniachia ufunguo nimlindie. Nikaazima viti vinne na godoro, nikatundika pazia, na wazazi walipofika nikawafungulia mlango wa jirani na kuwaambia, "Karibuni nyumbani." Sikutamka kwamba nyumba ni yangu. Kwa siku mbili nilijitetea moyoni kwa neno hilo ambalo sikulitamka. Mke wangu alikuwa amenionya mapema: "Watajua tu."

Siku ya pili tulitembea. Tulipanda boda mpaka ziwani, tukakaa karibu na mafunjo tukiangalia mitumbwi, na kwa mbali viboko wakitoa pua juu ya maji. Nilinunua ngege mkubwa kwa pesa ambazo hazikuwa za samaki. Tukapita sokoni Base Camp, tukanywa chai kwa Wasomali, mama akaonja mkate wa Waethiopia wenye uchungu na kukunja uso. Baba alisimama katikati ya soko akisikiliza Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiswahili chetu. Akasema, "Vita vyote vimekutana hapa, na vinauziana nyanya." Nilifurahi kuona amefurahi. Nikajiambia, umefanya vizuri.

Siku ya tatu asubuhi mama alikwenda na mke wangu kuteka maji. Mtoto mmoja bombani akamwuliza, kwa upole wa kitoto, "Bibi, mutalala kwa jirani mpaka siku gani?"

Mama hakunigombeza. Alitua dumu, akasema: "Mutoto wangu, twende utuonyeshe kwako." Tukaenda. Ni hatua 40 hivi. Baba aliinama mlangoni, akaketi kwenye kigoda changu, akaangalia juu kwenye lile turubai kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau: "Nimepita ile barabara ili nione nyumba ya mutu mwingine?"

Sikuwa na jibu. Na kabla sijalitafuta, yeye mwenyewe akavua kofia na kusema, "Hata mimi nakudanganyaka. Lile shamba hatujalikanyaga tangu mwaka 2021." Binamu alikuwa amekimbia zamani. Kila tuliponena kwenye simu mzee aliniambia kakao inazaa vizuri.

Hapo ndipo nilianza kulifikiria swali langu vizuri. Mpaka siku ile nilidhani uongo wa namna hii haumuumizi mtu. Mzazi analala usingizi, mtoto anabaki na heshima yake, nani amepoteza? Lakini tulipokaa kuhesabu, tukakuta hasara. Mwaka mmoja kabla, mwenyeji mmoja alitaka kunikodishia nusu eka ya shamba kwa bei nzuri. Nilikataa, kwa sababu nilijua kwetu kuna kakao inayonisubiri. Wao nao, kwa kuamini maneno yangu kwamba mgao upo na maisha yanaenda, waliniomba pesa za kutibu mgongo wa baba. Nikakopa nikatuma, na deni nililipa kwa kupunguza chakula cha watoto. Wakati huo mgao ulikuwa umeshaanza kutolewa kwa makundi, na sisi tumewekwa kundi la wanaojitegemea. Tulikuwa familia moja inayofanya hesabu kwa namba za uongo, na kila mmoja aliuandika uongo wake kwa upendo.

Msinielewe vibaya. Sisemi kila jambo lisemwe saa ileile mgeni anapotua mzigo. Wazee wetu walijua kusitiri, na kusitiri si kudanganya. Mama alipoona turubai langu hakutoka nje kuwatangazia majirani. Huko ni kusitiri: unajua hali ya mtu, na unamfunika. Mimi nilichofanya ni kuwafungia wazazi wangu nje ya maisha yangu, halafu nikaita heshima. Kumbe nilikuwa nimewahukumu. Niliamua, bila kuwauliza, kwamba hawana nguvu ya kubeba ninachobeba. Watu waliotuvusha vitani wakitubeba mgongoni! Methali inasema mficha uchi hazai. Mimi niliificha hali yangu mbele ya watu wawili ambao walinijua nikiwa sina hata nguo.

Kuna jambo lingine, na hili nawaambia pia ndugu zetu wanaofanya kazi kwenye mashirika. Mgeni akija na gari jeupe, tunafanya kinyume chake. Tunamwonyesha turubai lililochanika, na kiti kizuri tunakificha nyuma ya pazia. Nimewahi kufanya hivyo, na nimeona wengine wakifanya. Tunaogopa akiona kiti atadhani hatuna shida. Kwa hiyo mzazi anaonyeshwa bati ambalo si letu, na mfadhili anaonyeshwa matundu peke yake, na hakuna hata mmoja anayepelekwa nyumbani kwetu. Simlaumu mtu. Mwenye njaa anajifunza upesi nini cha kuonyesha na kwa nani. Lakini ninyi mnaokuja na madaftari, siku moja tuulizeni pia tunajivunia nini. Na sisi tujaribu kujibu.

Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwangu jembe walijichukulia wenyewe. Mchana uleule wa siku ya tatu tulirudisha viti na kufunga nyumba ya jirani. Wazazi walilala chumba cha watoto, watoto wakalala kwetu. Kesho yake baba alikata miti, tukaliondoa turubai na kulifunga upya kwa kulikunja mara mbili pale palipochanika. Mama alikanyaga udongo pamoja na mke wangu, wakakandika ukuta wa nyuma. Noeli tulikula ugali na sombe na maharage yao ya Butembo. Mvua ilinyesha usiku, ikavuja sehemu moja tu. Baba aliamka akasogeza sufuria chini ya tundu, akarudi kulala.

Ziwani hatukurudi tena. Lakini nikimwuliza mama kwenye simu anakumbuka nini cha Nakivale, haanzi na viboko. Anaanza na ule ukuta: bado umesimama?

Simu zetu zimebadilika. Baba sasa anaanza na yaliyo mabaya, bei ya chumvi, mgongo, habari za barabara, ndipo anafika kwenye mazuri. Mimi nami namwambia mwezi ambao hatuna kitu. Ile nusu eka mwenyeji alikuwa ameshampa mtu mwingine. Nimepata robo mahali pengine, nimepanda maharage. Sijui kama sikukuu zijazo wataweza kupita tena. Baba anasema njia ikiwa salama atakuja, na atakuja na panga lake mwenyewe, kwa sababu langu halikati.