Paulo Akataa Kutoka Kimya Kimya



Tusomapo Matendo 16 hukazia tetemeko la nchi na kuokoka kwa mlinzi wa gereza, na ya asubuhi twayaruka. Makadhi walituma watu kuwafungua Paulo na Sila waende zao. Paulo akakataa: wamepigwa hadharani bila hukumu, nao ni raia wa Rumi, wakubwa na waje wenyewe. Wakaja, wakawasihi. Hakudai fidia. Lakini nyumbani kwa Lidia lilibaki kanisa changa, ambalo fimbo zile zingeweza kuligeukia.

Kenya, kwa sheria ya 2011, iliweka bodi ya raia kusimamia uchunguzi wa makosa ya polisi. Kwetu malalamiko hupokewa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Uingereza wako wananchi wanaojitolea bila mshahara. Huenda wawili wawili kituoni, bila taarifa, wakawauliza mahabusu hali zao.

Na sisi wastaafu wa Kilosa na Mikumi, tujuao kuandika barua? Tulifundisha walimu miaka mingi; mama mmoja alipotuomba tumsindikize kituoni kuuliza kosa la mwanawe, tulimwambia aende na mjomba. Tuliogopa tu.

Wala kuuliza si kumchukia askari (wengine ni washarika wenzetu). Paulo huyohuyo alimpigia kelele mlinzi wake asijiue.

Mama yule tungali tunaonana naye ibadani. Jumapili hii tutamwendea.