Ahadi ya fundi nayo ni deni

Mtu anapeleka kanzu ipunguzwe, fundi anamwambia, "Njoo Alhamisi." Alhamisi ikifika haijaguswa; au imekatwa kupita kipimo, na Idi ni kesho. Wengi husema, "Ndivyo mafundi walivyo." Je, mazoea yanahalalisha uongo?

Surat Al-Mutaffifin, ya 83 katika Qur'an, inawaonya wanaopunja vipimo. Futi ya fundi nayo ni kipimo. Wanazuoni wa Kimaliki humtaka fundi adhamini nguo aliyokabidhiwa, ili mali za watu zisipotee. Basi kumlipa mteja nguo iliyoharibika si hisani, ni haki yake. Lakini nauli na siku alizopotezewa, nani atazilipa?

Ndugu Muislamu, kazi ikikulemea, sema. "Sitaweza" ya kweli ni bora kuliko "kesho" ya uongo.